Kuatamia Wimbo wa Kifaransa

Mlango ulifungwa Jumanne asubuhi, kitasa kwanza na komeo juu yake. Idarusi akabaki upande wa ndani na kitanda cha kamba, mtungi wa maji, kalamu ya risasi, daftari, na kitabu cha picha cha mtoto kilichokwisha poteza jalada.

"Shangazi," alisema kwenye ufa wa mlango, "ule ulikuwa mzaha tu."

"Mzaha wako umekwisha nunuliwa, mwanangu," Bi Saleha akajibu kutoka uani. "Sasa wenyewe tunangoja bidhaa."

Hakuna aliyemsukuma Idarusi mle ndani ila ulimi wake mwenyewe. Wiki mbili nyuma kulikuwa na harusi pale Ngamiani, na vyama viwili vya ngoma ya lelemama vilikutana uso kwa uso: Shani, chama cha shangazi yake, na Hanjamu, wanawake wa mtaa wa Chumbageni. Hanjamu walikuja na jipya. Katikati ya wimbo walipachika mistari miwili ya Kiingereza, wakaitamka puani huku wamebinua midomo, watu wakapiga vigelegele mpaka mapaa yakatikisika. Wanawake wa Shani wakainamisha vichwa kama waliofiwa. Ndipo Idarusi, kijana wa miaka kumi na tisa, sekondari ameimaliza na maneno hajayamaliza, akasimama kwenye baraza na kusema kwa sauti ya mnadani:

"Kiingereza! Siku hizi hata punda wa mkokoteni anakijua Kiingereza, ndiyo maana hatii amri. Sisi tutawaimbia Kifaransa!"

"Nani akijuaye?" akauliza Bi Semeni, kiongozi wa Hanjamu, huku tambuu imemjaa shavuni.

"Mimi," akasema Idarusi.

Watu wakacheka, naye akaketi ameridhika, kwani kwake yeye neno likichekwa limekwisha kazi. Hakuona kwamba shangazi yake hakucheka. Bi Saleha alikuwa akimtazama kama mtu atazamavyo kuku aliyetaga nje ya banda.

Sasa, Shani walikuwa na desturi yao. Miaka ya nyuma malenga wao mmoja alialikwa halua huko Chumbageni, akala, akashiba, akaimba, na wimbo wa Shani ukachezwa na Hanjamu siku mbili kabla ya Shani wenyewe. Tangu hapo walikata shauri: mwenye kutunga huatamishwa. Huingizwa chumba cha nyuma kama kuku juu ya mayai, hulishwa, hunyweshwa, na hatoki mpaka wimbo uchezwe. Hata chooni Idarusi alisindikizwa na Mastura, binti wa shangazi yake, ambaye alisimama nje ya ukuta wa makuti akiimba kwa sauti ili mtaa wote ujue Mfaransa yuko wapi.

Kwa Idarusi tu, Bi Saleha alilegeza kidogo. Alikuwa na sababu. Mfukoni mwa shati lake Idarusi alikuwa na barua kutoka Amani, kule juu milimani kwenye kituo cha utafiti: karani anatakiwa, kazi ni kuandika vibandiko vya mimea, afike Ijumaa saa mbili asubuhi, akichelewa nafasi itapewa mwingine. Na basi la kumfikisha huko kabla ya Ijumaa lilikuwa moja, la Alhamisi saa nane mchana. Alikuwa ameomba kazi sehemu saba. Sita walimjibu kwa kutomjibu.

"Ngoma ni Jumamosi," Bi Saleha alimwambia. "Lakini wewe ukinipa wimbo mtimilifu kabla ya Alhamisi adhuhuri, nitakuapisha usiuimbe popote, uende zako Amani. Huko utawaimbia miti, na miti haina shoga Chumbageni."

Basi Idarusi akaketi kuatamia. Chumba kilikuwa na kidirisha kimoja juu kabisa, na hicho nacho kilikuwa kimezibwa kwa bati. Joto lilikaa mle ndani kama mgeni asiyeaga. Kila alipolala alisikia barua ikikwaruza mfukoni.

Kitabu kile kilikuwa cha Mwatumu. Mwatumu alikuwa mtu wa mbali katika ukoo, mwanamke wa makamo asiye na neno, aliyelala kibarazani kwa jikoni na kuamka kabla ya jogoo. Zamani alikuwa yaya kwenye shamba la mkonge huko Muheza, nyumbani kwa meneja mmoja wa Uswisi. Meneja na mkewe na mtoto wao walirudi Ulaya mwaka uliopita, 1953, na mtoto akamwachia yaya wake kitabu cha picha, kila picha na jina lake chini kwa Kifaransa. Hakuna aliyemuuliza Mwatumu kitu zaidi ya hicho kitabu. Hakusoma. Aliyesoma ni Idarusi.

Na aliyesoma alipofungua kitabu aliona kazi ni nyepesi kuliko alivyohofia. Maneno yalikuwa marefu, mawili mawili yamefungwa pamoja kwa vistari kama ng'ombe wa kulimia. Picha ya kalamu ya kuchovya: *porte-plume*. Picha ya kijaluba cha kutilia fedha: *porte-monnaie*. Kabati la chakula: *garde-manger*. Upinde wa mvua: *arc-en-ciel*. Idarusi alihesabu mizani kwa vidole, herufi moja moja, kama alivyofundishwa kuhesabu shairi lolote la watu wenye akili: nane kila mstari, isipungue, isizidi. Po-ri-te-plu-me, tano. Po-ri-te-mo-na-ye, sita. Ga-ri-de-ma-nge-ri, sita. Na lile la upinde, Mungu alibariki, a-ri-ki-e-ni-si-e-li, nane kamili! Mstari mzima wa bure, hata kiungo hautaki. Akaufanya kituo cha ubeti.

Jumatano mchana akagonga mlango kutokea ndani. "Shangazi! Mayai yameanguliwa!"

Bi Saleha akaja na upatu, kile kisinia cha shaba wanachogonga wachezaji, akakaa kwenye kigoda nje ya mlango. Mlango ulifunguliwa kiasi cha kupita sauti. Idarusi akakohoa, akasoma kwa madaha:

*Porte-plume twandika,*
*porte-monnaie weka,*
*garde-manger pika,*
*arc-en-ciel.*

Na kila silabi aliyoitoa, fundo la kidole cha Bi Saleha lilianguka kwenye shaba. Nane. Nane. Nane. Nane.

"Mashallah," akasema Bi Saleha, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne sauti yake ilikuwa na sukari. "Maana yake sijaiona, lakini mizani imekaa. Mwatumu! Njoo. Wewe umekaa nao hao. Hivi ndivyo wasemavyo?"

Mwatumu alikuwa akipepeta mchele. Akaweka ungo chini, akasogea, akasikiliza tena mara moja. Akatazama miguu yake.

"Labda ndivyo kisemavyo kitabu," alisema.

"Nakuuliza wao!"

"Wao... sivyo, dada." Akasita. "Yeye anasema kila kitu. Wao hawasemi kila kitu. Kile cha kuandikia ni *por-te-plum*. Cha fedha ni *port-mo-ne*. Kabati ni *gard-man-je*. Ule upinde ni *ar-kan-syel*."

Bi Saleha akarudia wimbo wote kwa matamshi ya Mwatumu, na upatu ukahukumu. Mstari wa kwanza sita. Wa pili tano. Wa tatu tano. Kile kituo, fahari ya Idarusi, kikagonga mara tatu, basi.

"Shangazi, nani atajua?" Idarusi akasema upesi. "Chumbageni nzima nani anakijua Kifaransa?"

"Mume wa Semeni ni Mngazija. Amekaa Majunga, kwa Wafaransa, miaka kumi na miwili. Atakuwepo Jumamosi, na Semeni atakuwa amemkalisha mbele." Komeo likarudi mahali pake. "Umeniletea mayai viza, mwanangu. Atamia tena."

"Adhuhuri kesho, shangazi! Basi!"

"Basi lina dereva wake. Wewe shughulika na wimbo."

Kutoka uani sauti ya Mastura ikaingia kwenye ufa: "Bonswa, Mfaransa! Kwaheri yako nikuambie leo au nikuwekee mpaka mwakani?"

Kwa kawaida Idarusi angekuwa na jibu kabla swali halijaisha. Alikaa kitandani akatafuta, hakupata. Hapo ndipo alipoogopa kweli. Alijaribu kidirisha, bati halikucheza. Alijaribu bawaba, bawaba zilitengenezwa na babu yake, mtu asiyependa mchezo. Na hata angelivunja, angeenda wapi? Kijana atorokaye nyumba ya shangazi aliyemlea tangu mama yake afe hafiki Amani; hufika midomoni mwa watu, akakaa huko maisha yake yote.

Alhamisi asubuhi Mwatumu alileta uji. Komeo likafunguliwa, kibakuli kikapenya.

"Mwatumu," Idarusi akasema, naye akapiga magoti ili mdomo wake uwe sawa na uwazi wa mlango. "Shikamoo."

Alikuwa hajamwamkia hata siku moja tangu aje kukaa pale. Mwatumu akashtuka.

"Marahaba."

"Nifundishe. Mbona kalamu unaiita *por-te*, na kijaluba unakiita *port*? Vyote vimeandikwa sawasawa. Nimevitazama mpaka macho yanauma."

"Mimi sijui kuandikwa," Mwatumu akasema. Kisha akaketi pale chini, mgongo kwenye kizingiti, naye hakumtazama. "Alikuwa akinipiga makofi. Kolete, yule mtoto. Si ya kuumiza. Nikae hivi, nitandaze viganja, yeye anapiga kila neno linapopanda na kushuka. Nikikosea anaanza upya. *Ar-kan-syel.*" Akapiga viganja vyake, taratibu, mara tatu. "*Port-mo-ne.*" Mara tatu. "*Por-te-plum.*" Mara tatu.

"Yote matatu?"

"Haya ya kitabu hiki mengi ni matatu. Lile la kwanza linaangalia nani yuko nyuma yake. Likifuatwa na jirani mkubwa, kama *mo-ne*, linamwachia aende mwenyewe, linakaza: *port*. Likifuatwa na kadogo, kama *plum*, linakashika mkono kasianguke: *por-te*. Kama utembeavyo na watoto wawili."

Idarusi akajaribu, akakosea. Akajaribu tena, akashika mkono mtoto asiyehitaji kushikwa. Mwatumu akapiga viganja. Tena. Tena. Uji ukapoa. Jua likapanda juu ya uani na mle chumbani joto likaanza kupiga mbio zake, na Idarusi, jasho likimchuruzika, akahesabu: tatu kutoka nane, zinabaki tano. Tano za Kiswahili kila mstari. Akaandika, akafuta. "*Por-te-plum* ni nzuri sana," akasema.

"Hiyo hata mtoto wa chuo hawezi kuichezea," Mwatumu akasema. Na bila kubadili sauti, kama asemaye bei ya chumvi, akasema: "*Ar-kan-syel* imetokea."

Idarusi akahesabu. Nane.

"*Por-te-plum* naichovea," Mwatumu akaendelea, akipiga viganja. "Hiyo miwili inatusema sisi. Sasa wao. *Port-mo-ne* mwaililia..."

"Ngoja, niandike!"

"...*gard-man-je* mwachungulia."

Idarusi akaacha kuandika, akacheka peke yake mle gizani. Aliwaona Hanjamu wote wa Chumbageni, mmoja baada ya mwingine, wakichungulia kabati la chakula la watu. Nane, nane, nane, nane, na kina kimekaa kama kofia ya Idi.

"Mwatumu, umeutunga lini huu?"

"Sasa hivi. Ulikuwa unachelewa," Mwatumu akasema, akachukua kibakuli na kuondoka.

Muadhini alipomaliza adhuhuri, Bi Saleha alikuja na upatu wake, na safari hii si peke yake. Wanawake kumi na wawili wa Shani walijaa uani. Idarusi akasimama kwenye uwazi wa mlango, nguo zimemganda mwilini, akaimba. Shaba ikalia, hesabu ikatimia, Mwatumu nyuma kabisa akaitikia kwa kichwa kuwa ndivyo, na vigelegele vikapaa. Bi Saleha alifuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Mwachungulia!" akasema. "Semeni atameza tambuu na chokaa yake! Mwanangu, leo umekuwa malenga. Jumamosi tutalitaja jina lako ubeti wa mwisho."

"Ahsante, shangazi. Sasa niapishe, niwahi basi."

Bi Saleha akatazamana na wenzake.

"Hapo pana neno," alisema. "Semeni amekaa stendi tangu asubuhi. Ameletewa na kigoda. Amesikia kwamba Mfaransa wa Shani anasafiri leo, anamngoja. Wewe nakujua. Ulimi wako ukichokozwa hauna mlinzi. Kwa wimbo kama huu, siwezi. Mtunzi atakaa mpaka Jumamosi."

"Shangazi, uliniahidi!"

"Niliahidi kabla sijausikia. Amani haikimbii, mwanangu. Milima haihami."

"Kazi inahama! Na kesho Ijumaa, nitaswalia wapi?"

"Babu yako atakupeleka msikitini amekushika mkono, na atakurudisha amekushika mkono."

Mkono wa Bi Saleha ukalifuata komeo. Idarusi aliutazama ule mkono. Alijua pana neno moja tu litakaloufungua ule mlango, na alijua bei yake. Jina lake lilikuwa limekwisha ingia ubeti wa mwisho. Jumamosi mji mzima ungelisikia likiimbwa. Akilisema hilo neno, litatoka. Na mahali pake kitaingia kicheko ambacho, kwa mara ya kwanza, hakukianzisha yeye.

Na kulikuwa na jambo la pili, zito zaidi. Akitoka yeye, chumba hakitakaa kitupu.

Akamtafuta Mwatumu juu ya vichwa vya wanawake. Mwatumu alikuwa akimtazama, kwa mara ya kwanza macho kwa macho, na hakuyaondoa.

"Shangazi," Idarusi akasema, "mtunzi si mimi."

"Sikiliza uwongo wa mtu anayetaka basi," akasema Mastura.

"Wallahi si mimi. Kifaransa sikijui hata cha kuombea maji. Nilipayuka siku ile ili mcheke. Wimbo huu, tangu neno la kwanza mpaka la mwisho, katunga Mwatumu leo asubuhi, na uji mkononi."

Uani ukapasuka. Walicheka wakashikana mabega, mmoja akakaa chini kabisa, na Mastura akalia machozi akisema, "Mfaransa wa bati! Mfaransa wa magimbi!" Idarusi akasimama katikati ya mlango akalipokea lote, masikio yakimwaka. Ndani ya kicheko hicho alijiona mdogo, mdogo kuliko kidirisha kile cha bati.

Bi Saleha peke yake hakucheka. Akakitwaa kile kitabu, akakifungua penginepo, kwenye picha ya kile chuma kilichosokotwa cha kuzibulia chupa za wazungu.

"Idarusi. Soma, unipe mstari."

*Tire-bouchon*, kitabu kilisema. "Ti-re-bo-u-cho-ni," akasema Idarusi, na hakuhitaji kuigiza, kwa kuwa kweli hakujua.

"Mwatumu?"

Mwatumu hakukitazama sana. Picha ilimtosha. Akatandaza viganja vyake, kama vile mtu mwingine angevipiga. "*Tir-bu-shon* mwajikunjia," alisema.

Upatu ukagonga nane. Hakuna aliyecheka sasa. Mwanamke mmoja akasema polepole, "Kumbe!"

"Basi desturi ni desturi," akasema Bi Saleha. "Mwatumu, mdogo wangu, sitakulazimisha..."

"Nilazimishe," Mwatumu akasema. "Siku tatu nimeufungua na kuufunga mlango huo kwa chai ya mtu mwingine. Sasa mimi nitakaa, nami niletewe. Na sukari iwe mbili." Akawapita wote, akafika kizingitini, akasimama mbele ya Idarusi. "Pisha, mwanangu. Utachelewa."

Idarusi akakitwaa kitabu mkononi mwa shangazi yake, akamnyooshea. "Chukua chako."

"Nenda nacho huko kwenye miti. Mimi hakinifai, hakijui kusema." Kisha akakirudia, akachana kwa uangalifu ukurasa wa upinde wa mvua, akaukunja, akauweka kifuani. "Huu tu."

Aliingia. Komeo likalia nyuma yake, na kwa mara ya kwanza Idarusi alilisikia kutoka upande wa nje. Halikuwa na sauti tamu zaidi huku.

Alikimbia barabara ya Ngamiani na kisanduku chake kichwani, akapishana na baiskeli na mikokoteni, barua mfukoni imelowa jasho. Basi lilikuwa linaunguruma. Na mbele ya mlango wake, juu ya kigoda, palikuwa na Bi Semeni na tambuu yake.

"Ee, Mfaransa!" akasema. "Wamekuachia? Hebu tuonjeshe. Mstari mmoja tu, mwanangu, nikupe halua ya njiani."

Mstari ulimpanda Idarusi kooni mzima mzima. Alikuwa nao wa kabati, uliolala tayari ulimini, umetimia nane, na aliyestahili kuambiwa alikuwa amekaa mbele yake mdomo wazi. Maisha yake yote hakuwahi kupata jibu zuri namna ile. Akalimeza.

"Sikijui, Bi Semeni," alisema. "Nilikuwa napayuka."

Bi Semeni akacheka mpaka kigoda kikalia. "Nilijua! Mtunzi hawamwachii. Kama wamekuachia wewe, basi Shani hawana kitu!" Akainuka, akajifunga kanga, akaenda zake Chumbageni amefurahi kama bibi harusi.

Idarusi akapanda, akakaa dirishani, kisanduku mapajani. Basi likaondoka. Mpaka Muheza hakumsemesha mtu. Alikuwa amebana midomo kama aliyekatazwa na tabibu. Ila abiria wa jirani alisikia vidole vyake vikigonga juu ya kisanduku, tatu, kisha tano, tatu, kisha tano, akamuuliza kama anaumwa.